Amri mia mbili kichwani, bado hujajipima

Swali lilelile limerudi: "Nimejifunza Linux mwenyewe, amri kama mia mbili nazijua kwa kichwa, je, nimeiva?" Jamani, idadi ya amri haipimi kitu. Amri uliyoisahau utaisoma kwenye `man`, mwongozo uliomo ndani ya mfumo, ndani ya dakika moja. Jipime pale amri mbili zinapokupa majibu yanayopingana.

Mfano ni diski iliyojaa. `df -h`, amri inayoonyesha nafasi ya diski, inasema `/var` (panapokaa logi, yaani kumbukumbu za matukio) ya GB 20 imejaa yote. `du -shx /var`, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, inahesabu GB 6 tu. Zile 14 ziko wapi? Aliyekariri ataanza kufuta logi, na nafasi hairudi. Atawasha seva upya, nafasi irudi, aseme amemaliza kazi. Hajamaliza, kwa sababu hajui kilichotokea. `rm` huondoa jina la faili tu. Ikiwa kuna programu bado imelishika, kerneli, kiini cha mfumo, hairudishi nafasi mpaka programu iliachie. `lsof +L1` itakuonyesha programu gani imeshika faili gani lililofutwa. Washa upya huduma hiyo moja, seva iache. Halafu kagua `logrotate`, inayoweka kando logi za zamani: je, inaiarifu programu ifungue faili jipya baada ya kuzungusha logi? Kama haiiarifu, utayaona haya tena.

Na kama `lsof` haionyeshi kitu? Huenda kuna mafaili yaliyoandikwa kwenye saraka kabla diski nyingine haijapachikwa juu yake. Piga `mount --bind /var /mnt`, kisha `du` ndani ya `/mnt`, utayaona. Nafasi ikiwepo lakini mfumo unakataa kuandika, tazama `df -i`: huenda inodi (rekodi ambayo kila faili huhitaji moja) zimeisha.

Jaribio la pili lifanye kwenye mashine pepe. Weka UUID (kitambulisho cha diski) ya uongo kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa mfumo unapowaka, uwashe upya. Systemd, programu inayowasha huduma zote, itasubiri sekunde 90, kisha ikupeleke hali ya dharura. Ikiwa akaunti ya root (msimamizi mkuu) imefungwa na hali hiyo haikuruhusu kuingia, utapitia GRUB, programu inayopakia kerneli, uongeze `init=/bin/bash`, halafu `mount -o remount,rw /` kabla ya kuhariri. Ukihitaji kutafuta hatua hizi mtandaoni, sawa. Ukishindwa kueleza kwa nini ile `remount` inahitajika, hapo ndipo penye pengo lako.

Kila ulichotengeneza kiendelee kufanya kazi baada ya kuwasha upya. Mtihani wa RHCSA, cheti cha Linux cha kampuni ya Red Hat, nao unadai hivyo, na ni wa vitendo mwanzo hadi mwisho.

Ila kipimo hiki kina udhaifu mkubwa: ulichokiharibu mwenyewe unakijua. Mpe mwenzako aharibu wewe ukiwa hupo. Kabla ya kugusa chochote, andika unadhani tatizo ni nini, na ni amri gani itakayokuonyesha kwamba umekosea.