Meneja katika soka la Uingereza: maana yake, kupitia Herbert Chapman

Kwetu meneja wa timu ni yule anayeshughulikia safari, hoteli, jezi na leseni za wachezaji. Kikosi hapangi yeye, anapanga kocha mkuu. Katika soka la Uingereza neno hilohilo lina uzito mwingine: meneja hupanga kikosi na huchagua mfumo, na kwa miaka mingi alikuwa pia na kauli ya mwisho kwenye usajili na alisimamia timu zote za klabu, hadi ile ya tatu, iliyo chini ya timu ya akiba.

Mamlaka hayo hayakuwapo tangu mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 klabu nyingi zilipangiwa kikosi na wakurugenzi wa bodi. Katibu aliandika barua na kulipa mishahara, mkufunzi akawakimbiza wachezaji na kuwachua misuli. Aliyeipa nafasi hiyo sura tunayoijua, kuliko mwingine yeyote, ni Herbert Chapman, aliyezaliwa mwaka 1878 Kiveton Park, karibu na Sheffield.

Uwanjani alikuwa mshambuliaji wa kawaida tu, akihamahama klabu hadi Tottenham. Mwaka 1907 akaenda Northampton Town kama mchezaji-meneja, yaani anacheza huku anaongoza. Timu iliyokuwa mkiani ikatwaa ubingwa wa Southern League, ligi ya kusini mwa Uingereza, msimu wa 1908/09, na baadaye akatundika daluga. Huko Northampton ndiko alikogundua kwamba timu ikishambulia muda wote, wapinzani hurundikana golini mwao na nafasi inakufa. Akawarudisha viungo nyuma kidogo, wapinzani wakatoka kufuata mpira, nyuma yao kukabaki wazi.

Baada ya kuongoza Leeds City, klabu iliyofukuzwa ligi mwaka 1919 kwa kukataa kukabidhi vitabu vya hesabu, alikwenda Huddersfield Town. Alichukua Kombe la FA mwaka 1922, kisha ubingwa wa ligi mwaka 1924 na 1925. Timu ya akiba na ya vijana zilicheza mtindo uleule wa timu kubwa, hivyo aliyepandishwa hakuanza kujifunza upya.

Mwaka 1925 alihamia Arsenal, na mwaka huohuo sheria ya kuotea ikabadilika. Awali mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, sasa wawili tu. Mabadiliko hayo yaliuvuruga mfumo wa 2-3-5, yaani mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Zamani beki mmoja alipanda ili kumtega mshambuliaji aotee, na akikosea mwenzake alikuwa nyuma. Sasa ukikosea, straika amebaki na kipa. Oktoba 3, 1925, Arsenal ilifungwa 7-0 na Newcastle. Chapman akakubaliana na hoja ya nahodha wake, Charlie Buchan: kiungo wa kati ashuke awe beki wa tatu. Mabeki wa pembeni wakasogea kuwakaba mawinga. Kwa kuwa katikati palibaki pengo, mshambuliaji mmoja wa ndani, yule anayecheza kati ya winga na straika, naye akashuka kuliziba. Ukichora mistari, washambuliaji watano wanafanya herufi W, na mabeki watatu na viungo wawili wanafanya M. Ndiyo WM.

Wengi waliuiga mfumo huo wakaambulia patupu. Walichukua beki wa tatu, wakasahau kwamba mpira ukishaokolewa unahitaji mtu wa kuupokea na kuupeleka mbele. Chapman alimpata mtu huyo mwaka 1929, Alex James kutoka Preston. Kombe la FA likaja mwaka 1930, ubingwa mwaka 1931 na 1933.

Januari 1934, akiwa na mafua na daktari amemkataza kutoka, alikwenda kuitazama timu ya tatu ikicheza. Mafua yakageuka nimonia, akafariki Januari 6. Msimu huo ulipoisha, Arsenal ilikuwa bingwa tena.