Msemo wa Kilatini ambao Warumi hawakutuachia

"De gustibus non est disputandum", yaani "mambo ya ladha si ya kubishania". Mara nyingi huambiwa kwamba ni methali ya Warumi wa kale. Sivyo. Katika maandishi ya waandishi wao yaliyotufikia, msemo huo haumo. Umeenea baadaye sana, katika Kilatini cha wasomi wa Ulaya, karne nyingi baada ya dola la Roma kuanguka.

Wazo lenyewe Warumi walilijua vizuri. Mwandishi wa Kirumi Terentius, katika tamthilia yake Phormio ya mwaka 161 KK, aliandika "quot homines, tot sententiae": wingi wa watu ndio wingi wa maoni. Mshairi wa Kirumi Horatius naye alijifananisha na mwenyeji mwenye wageni watatu, kila mmoja akitaka chakula tofauti. Awape nini? Mfano huo naupenda kuliko methali yenyewe, maana kila aliyewahi kupikia wageni anaielewa shida hiyo.

Kosa la pili, kwangu kubwa zaidi, ni kuutumia msemo huu kumnyamazisha mtu. Kitenzi "disputare", ambamo limetoka neno "disputandum", ni kubishana kwa hoja za kuthibitisha, si kila mazungumzo. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1790, alitenganisha mambo mawili: huwezi kuthibitisha kwa kanuni kwamba kitu ni kizuri, lakini bado watu hushindania uzuri, kila mmoja akitarajia mwenzake akubali. Pilau kuipenda au kutoipenda ni hiari yako. Ushairi tunaweza kuujadili hadi usiku wa manane.