Kinachozoea dawa si mwili, ni bakteria

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya WhatsApp hapa Moshi: eti usugu wa dawa ni mwili "kuzoea" antibayotiki, kwa hiyo asiyemeza dawa hovyo hana la kuhofia akilazwa. Si kweli.

Wanaokuwa sugu ni bakteria. Dawa huua walio dhaifu. Walio sugu hubaki, wakazaliana, kisha huhamia kwa mgonjwa mwingine kupitia mikono isiyonawiwa au kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa) iliyokaa mshipani muda mrefu. Ndiyo maana hata kichanga ambaye hajawahi kuonja antibayotiki anaweza kupata maambukizi ya damu wodini, na dawa ya kawaida isimsaidie.

Hili hupimwa. Damu huoteshwa maabara, na bakteria wakiota huwekewa vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Pakibaki duara tupu kuzunguka kipande, dawa hiyo inawazuia. Wakiota hadi ukingoni, imeshindwa. Majibu huchukua siku kadhaa, muulize daktari.

Kinachotuchanganya, nadhani, ni mbege, pombe ya ndizi: mwili wa mnywaji wa kila siku huizoea kweli. Lakini antibayotiki inalenga bakteria, si mwili. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze, hata kama umetumwa na shangazi.