Je, wajua kwa nini nozo kubwa peke yake haiongezi nguvu ya lori?

Lori lenye mzigo kamili likitoka bonde la Wembere na kuanza kupanda Mlima Sekenke kuelekea Singida, gia zinashuka, mwendo unakufa na wenye injini kubwa wanalipita. Likifika Dodoma, swali analoulizwa fundi pampu ni lilelile: tukifunga nozo kubwa (nozo ni ncha ya injekta, kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda), injini si itapata nguvu? Itapata mafuta mengi, tena siyo kila mara. Nguvu ni jambo jingine, kwa sababu dizeli haiungui bila hewa, na nozo haileti hewa.

Tuanze na hesabu, maana wengi huiruka. Nguvu farasi 420 ni kama kilowati 309. Injini nzuri ya lori hutumia takriban gramu 200 za dizeli kutoa kilowati moja kwa muda wa saa moja. Ikikamuliwa mpaka mwisho, basi, inakula kilo 62 kwa saa, yaani lita 74 hivi. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 1,900 kwa dakika, kila silinda hupigiwa mafuta mara 950 kwa dakika. Ukigawanya unapata milimita za ujazo 215 kwa kila pigo. Ukitaka nguvu farasi 540, unahitaji kama 275. Mafuta hayo yote yapite kwenye matundu sita hadi nane, kila moja likiwa na upana wa robo milimita au pungufu, kabla krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, haijazunguka zaidi ya nyuzi 30 hivi. Hizo ni sekunde 0.0026 tu.

Sasa hewa. Milimita za ujazo 215 za dizeli zina uzito wa gramu 0.18, na ili ziungue bila moshi mweusi zinahitaji hewa kama mara 20 ya uzito huo: gramu 3.6. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Silinda ya lita 2.1 ikijivutia yenyewe hapa, kwenye joto la nyuzi 30, haipati zaidi ya gramu 2.1. Pengo lililobaki hujazwa na turbo, feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukumie injini hewa. Ukiongeza mafuta kwa asilimia 25 huku turbo ni ileile, ziada hiyo inatoka kwenye eksozi ikiwa moshi mweusi, na joto la moshi huo linapanda. Wanaoongeza nguvu za injini za dizeli wengi huweka mpaka wa nyuzi joto 700 kabla ya turbo kwa mwendo wa kupanda mlima mrefu. Ukiuvuka kwa dakika nyingi, pistoni za aluminiamu huanza kuyeyuka ukingoni, na turbo nayo inaungua.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulichanganya. Kwenye injini za pampu ya kawaida, kama Howo nyingi za 371 zenye injini ya WD615, kiasi cha mafuta hupimwa na pampu. Ukifunga nozo yenye matundu makubwa, pampu inaendelea kusukuma kiasi kilekile, ila mgandamizo unashuka na mafuta yanatoka kwa matone makubwa badala ya ukungu. Matone hayo hayamalizi kuungua kwa wakati. Lori linatoa moshi, linakula mafuta na halina nguvu, kisha mwenye mali anauziwa nozo kubwa zaidi! Kwa injini hizo kazi huanzia kwenye mashine ya kupimia pampu, nozo zinafuata.

Kwenye injini za kisasa zenye reli moja ya mafuta, ambazo mgandamizo wake huvuka bar 1,600, kompyuta ndiyo inayoamua injekta ifunguke kwa muda gani. Hapo tundu kubwa kweli huongeza mafuta. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui: inatoa muda uleule uliopangiwa injekta ndogo, kwa hiyo hata ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, injini inatetemeka na kugonga. Hata injekta za ukubwa uleule, nyingi zina msimbo wake ulioandikwa kichwani, na msimbo huo lazima uingizwe kwenye kompyuta, silinda kwa silinda. Ukibadilisha ukubwa, programu yote ya mafuta nayo ibadilishwe.

Kwa hiyo chagua hivi. Soma namba ya injini na namba kamili ya injekta, usitegemee umbo. Injekta mbili zinaweza kuingia shimo moja ilhali pembe zao za kutawanya mafuta ni tofauti, moja nyuzi 145 na nyingine 155. Pistoni ya kila injini imechongwa shimo la pembe yake. Pembe ikikosewa, mafuta yanapiga ukuta wa slivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka), yanaosha oili na kushuka hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Dalili yake ni oili kuongezeka kwenye dipstiki na kunuka dizeli. Ukiiona, zima injini siku hiyohiyo.

Nunua seti nzima ya sita. Za pampu ya kawaida zipimwe mbele yako: mgandamizo ukishikiliwa bar 20 chini ya ule wa kufungukia, ncha isidondoshe hata tone kwa sekunde 10. Wakati wa kufunga, chungulia shimoni kwa tochi. Washa, yaani pete ya shaba ya kuziba, ile ya zamani hupenda kubaki chini, fundi akaweka mpya juu yake, na injekta ikakaa juu kwa milimita moja na nusu au mbili. Hapo pembe sahihi inakuwa haina maana tena, na gesi ya moto inapenya pembeni.

Kabla ya kutoa pesa yoyote, fungua chujio la hewa. Vumbi la kiangazi cha Dodoma na Manyoni huliziba mapema kuliko kitabu kinavyosema, na lori lenye chujio lililoziba linatoa moshi uleule wa nozo mbovu. Kagua mipira ya intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, kama inavuja. Kagua na mafuta: nafasi kati ya sindano ya injekta na mwili wake ni mikroni 2 hadi 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na dizeli ndiyo oili yake. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hailainishi vya kutosha. Uchakachuaji huo ndio uliofanya kodi ya mafuta ya taa ipandishwe mwaka 2011. Mwaga maji kwenye filta kila asubuhi.

Onyo moja la kushikwa kwa mikono miwili: kutafuta silinda mfu kwa kulegeza nati ya paipu ya mafuta ya injekta injini ikiunguruma ni kwa pampu ya kawaida tu. Kwenye injini ya reli, mafuta hayo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na aliyepigwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji mara moja, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.