Ukuta wa matumbawe hautaki saruji

Jana tena. Tumesimama Mizingani, Unguja, mbele ya jengo la Dispensari ya Zamani, wageni wameinua shingo wanatazama nakshi za roshani, kijana mmoja akaniuliza: "Fundi, si mngepiga lipu ya saruji yakaisha? Saruji ndiyo imara."

Mwanangu, imara kwa nani?

Historia naipitia haraka. Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri, alianza kulijenga jengo hili mwaka 1887 liwe hospitali ya maskini, akafariki 1891 halijakwisha. Baadaye likauzwa, ikafunguliwa dispensari chini, na jina likaganda hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatelekezwa, hadi taasisi ya utamaduni ya Aga Khan Trust for Culture ilipolitengeneza miaka ya 1990. Watu hupiga picha roshani na vioo vya rangi. Mimi huwaomba waweke kiganja ukutani.

Jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate wa kumimina. Linanyonya maji ardhini, na bahari ile pale, kwa hiyo maji yana chumvi. Yanapanda, yanatokea kwenye lipu ya chokaa, upepo unayachukua. Chumvi inabaki inaila lipu, nasi baada ya miaka tunaibandua na kupiga nyingine. Lipu inaliwa ili jiwe lisiliwe. Ukiziba kwa saruji, maji hayaachi kupanda. Yanakwenda juu zaidi mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, boriti inaoza ndani, huku nje pamenyooka na rangi inang'aa.

Niliwahi kuitwa nyumba moja ya Mji Mkongwe iliyopigwa saruji. Nikagonga kwa mpini wa mwiko, ukuta ukalia kama debe tupu. Lipu ilibanduka bamba zima, na nyuma yake jiwe likamwagika kama unga wa muhogo. Kwenye boriti, bisibisi ilizama yote.

Kuna jambo mafundi hatujakubaliana. Kona zinazopigwa na mvua ya masika, chokaa tupu huweza kuanguka kabla haijashika, na nimewaona wazee ninaowaheshimu wakitia kiganja cha saruji kwenye karai. Mimi sitii. Lakini kona mbili nilizopiga ziliporomoka, nikarudi kuzipiga upya, na usiku ule nilijiuliza kama wazee hawakuwa na haki.

Kijana aliweka kiganja ukutani, akakiacha kidogo.

"Pana ubaridi," akasema.

Ndiyo maji hayo, yanatoka.