Karafuu Inatuliza Jino, Haiponyi Jino: Maswali na Majibu

Maswali haya naulizwa kila wiki kwenye chumba cha meno hapa Pemba, na wagonjwa wenyewe au na mabibi waliowasindikiza. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale, ila kwa sauti ya chini kidogo.

Bakteria wa mdomoni ni nini hasa?

Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kila mdomo unao, hata wa mtu aliyepiga mswaki sasa hivi, na wengi wao hawana neno. Shida huanza wakijikusanya kwenye ule utando unaonata juu ya meno. Baadhi yao, hasa Streptococcus mutans, hula sukari uliyokula wewe na kutoa asidi, na asidi hiyo hulila jino mpaka likatoboka. Utando usiposuguliwa hugeuka ukoga mgumu, ufizi ukavimba na kutoa damu. Funza ndani ya jino hayumo. Anayekuonesha funza kwenye pamba amekuja naye.

Karafuu inaua bakteria kweli, au ni maneno ya wazee tu?

Wazee hawakukosea. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, kitu kinachotia ganzi na kuua bakteria. Sisi wenyewe tunaitumia: tunaichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Ndiyo maana Mpemba akiingia kwenye chumba chetu hukuta harufu anayoijua tangu utotoni, alipokuwa akichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, uani.

Lakini yujenoli inaua wale inaowagusa tu. Bakteria waliokwisha kuingia kwenye kiini cha jino, uliko mshipa wa fahamu, na kuteremka kwenye mizizi ndani ya mfupa, karafuu haiwafikii. Uiponde, uichemshe, uiweke usiku kucha, haiwafikii.

Niliweka karafuu siku tatu, maumivu yamekwisha. Si nimepona?

Hapana. Umetia ganzi. Ni sawa na kumziba mdomo jirani anayepiga kelele za mwizi: kelele zimekwisha, mwizi bado yumo ndani.

Na jino likiacha kuuma lenyewe, bila dawa yoyote?

Hapana tena, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Jino lililokuwa likikuamsha usiku, kisha likanyamaza ghafla na tundu bado lipo, mara nyingi mshipa wake umekufa. Aliyekufa hapigi kelele. Bakteria sasa wana chumba kitupu, wanateremka taratibu kwenye mfupa, na baada ya wiki au miezi linatoka jipu.

Wagonjwa wa namna hii nawajua kabla hawajaketi. Kichwa kimefungwa kanga kupitia chini ya kidevu, shavu linang'aa, mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja. Nikimulika tochi naikuta karafuu imekwama kwenye tundu la gego, na ufizi wa pembeni umekuwa mweupe kwa kuungua. Nikiuliza lilianza lini, jibu ni lile lile: "Liliuma zamani, daktari, likapoa." Halikupoa, ndugu yangu.

Nyumbani wananiambia jino haling'olewi likiwa limevimba, nisubiri uvimbe ushuke. Ni kweli?

Usisubiri nyumbani. Kama jino litang'olewa leo, au usaha utolewe kwanza na dawa ianzwe, hilo ni la kuamuliwa na aliyekuangalia mdomoni, si la kuamuliwa barazani. Watu wanasubiri uvimbe ushuke, na uvimbe nao unashuka kweli: unashuka shingoni.

Ukiona lolote kati ya haya, usiku au mchana, nenda hospitali saa hiyo hiyo: uvimbe chini ya taya au shingoni, kushindwa kumeza hata mate, mdomo kutofunguka, ulimi kuinuliwa juu, sauti kubadilika, homa kali, au kupumua kwa shida. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya pumzi, na mtu akafa kwa jino. Mwenye kisukari asichelewe hata kidogo, kwa kuwa kwake maradhi haya hukimbia. Na uvimbe usichuliwe, usikandwe kwa maji moto, usichanjwe wembe.

Si nitanunua amoksilini dukani?

Vidonge vitatu leo, viwili kesho, vilivyobaki awekewe mtoto? Hapana. Hata ukimaliza dozi nzima, chanzo kimo ndani ya jino, na damu inayobeba dawa haifiki tena humo. Uvimbe utapungua, utafurahi, utarudi.

Mafuta ya makonyo je? Yana nguvu kuliko karafuu nzima.

Ndiyo tatizo lake. Mafuta yanayotolewa kwenye makonyo, kama yale ya kiwanda cha Wawi, ni makali, na yakiwekwa bila kuchanganywa huunguza ufizi na ulimi. Ukilazimika, tone moja kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, uchovye pamba kidogo, uguse jino tu, kisha uje.

Mtoto mdogo asiwekewe kabisa. Na chupa isikae mahali anapoweza kuifikia: mtoto akinywa hata vijiko viwili vya chai anaweza kupata degedege, kuzimia na kuharibika ini. Watu wanaficha mafuta ya taa, chupa ya makonyo wanaiacha dirishani.

Kitunguu thomu, limau, mkaa, maji ya betri?

Thomu kibichi kina nguvu dhidi ya bakteria, lakini kikilazwa kwenye ufizi kinauchoma ukatoka malengelenge. Limau ni asidi: unaliongezea jino kile kile kinacholiua. Mkaa unakwangua. Aspirini iliyosagwa na kupakwa inaunguza, imetengenezwa kumezwa. Maji ya betri, tafadhali, ni sumu. Yanayeyusha jino na nyama pamoja.

Basi dawa gani ya miti unaikubali?

Zipo. Mswaki wa mti nausifu bila kigugumizi. Ukiutafuna ncha mpaka ikawa nyuzi, unasugua utando vizuri, na utomvu wake unapunguza bakteria. Ikate ncha iliyochakaa utengeneze nyingine, usitumie ile ile wiki nzima. Upungufu wake ni nyuma ya magego, ambako wengi hawafiki, na hautoshi kushika nafasi ya floraidi, yale madini ya kuimarisha jino. Kwa hiyo mswaki wa mti kila sala ukipenda, na usiku kabla ya kulala mswaki wa kawaida na dawa ya meno yenye floraidi. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Mwezi wa Ramadhani naona watu wanapiga mswaki wa mti mchana kutwa, kisha wanamaliza daku na kulala na tende na chai ya sukari vimeganda kwenye meno. Mchana wote umepotea bure.

Maji ya majani ya mpera au ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupoa yanaweza kusaidia ufizi unaotoa damu. Sukutua, tema, usimeze. Ufizi ukiendelea kutoa damu baada ya wiki mbili, ukoga mgumu unahitaji kukwanguliwa, na hakuna jani linalokwangua.

Tambuu si dawa ya mdomo, hata ukiitia karafuu na iliki. Popoo inasababisha saratani ya mdomo, na tumbaku inazidisha.

Kung'oa jino la juu kunapofua macho?

Hapana. Jino la juu likiachwa na usaha, ndipo uvimbe unapopanda hadi jichoni.

Nina mimba. Ningoje nijifungue?

Usingoje. Tuambie tu una miezi mingapi. Ufizi kutoa damu wakati wa mimba ni jambo la kawaida, usaha si wa kawaida.

Jino limeniamsha saa nane za usiku, niko shamba Micheweni. Nifanye nini?

Kama una dalili nilizotaja, usilale tena, tafuta gari. Kama huna, sukutua maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, toa chakula kilichonasa, lala umeinua kichwa. Mtu mzima asiye na maradhi ya ini anaweza kumeza parasetamoli mbili za miligramu 500, na asizidishe nane kwa siku nzima. Karafuu moja ing'ate, sikatazi.

Asubuhi njoo, hata kama maumivu yamekwisha. Kunywa chai kabla ya kutoka, maana baada ya sindano ya ganzi utakaa saa kadhaa bila kutafuna. Kama unatumia dawa za presha au sukari, zimeze kama kawaida na uje na pakiti zake. Na tundu lioshe, usije umelijaza pamba.