Shangingi na hesabu ya kupinduka

Wateja wangu wengi siku hizi wanataka kuuza shangingi, yani Land Cruiser VX, wachukue Harrier au RAV4, na ukiwauliza sababu ni moja tu, mafuta. EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta Tanzania, wakitangaza bei mpya wenye V8 ndo wa kwanza kuguna. Sawa, ila mimi kazi yangu ni chini ya gari, shokapu, bushi, springi, na nawaambia kuna sababu nyingine ambayo kijiweni haizungumzwi kabisa.

Watu wanaamini shangingi ni salama kwa vile ni zito na unakaa juu. Nusu kweli. Ukigongana uso kwa uso na kagari kadogo kama IST uzito utakulinda wewe, mwenye IST tumwombee. Lakini umekwepa ng'ombe usiku ukielekea Chalinze, ukakata usukani kushoto alafu ukaurudisha haraka, hapo kile kimo unachojivunia ndo kinakubiringisha.

Hesabu yake fupi. Pima upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, chukua nusu yake, gawa kwa kimo cha kitovu cha uzito toka ardhini. Saluni nyingi zinapata 1.3 mpaka 1.5, magari ya juu kama mashangingi 1.0 mpaka 1.3, na namba ikiwa ndogo gari linapinduka kirahisi. Tuseme nusu ya upana ni sm 80 na kitovu kiko sm 70, unapata 1.14. Sasa kijana anakuja gereji anataka gari liinuliwe, kitovu kikipanda sm 5 tu umeshuka mpaka 1.07, na bado hajafunga keria akapakia magunia juu! Mimi kazi hiyo nafanya lakini lazima nimwambie kwanza, akinuna anune.

Wamarekani yaliwakuta haya. Mwaka 2000 Firestone, watengeneza matairi, waliita yarudishwe matairi yao milioni 6.5, mengi yalikuwa kwenye Ford Explorer, shangingi la kwao. Ford walielekeza upepo 26, Firestone wenyewe wakisema 30, na tairi lenye upepo kidogo kwenye joto na spidi linachemka mpaka mpira wa juu unabanduka, gari linayumba, na kwa vile liko juu linaenda chali. Vifo vilivyohusishwa vilipita 200. Baadae mafuta yalipofika dola 147 kwa pipa 2008 mambo yakawa magumu zaidi kwa magari makubwa, Hummer ikafa (Ford Excursion ilishazikwa tangu 2005), watu wakahamia magari yenye sura ya shangingi lakini chini ni saluni. RAV4 ilianza hivyo 1994, Harrier 1997 juu ya mifupa ya Camry. Hakuna chesisi nzito, kitovu kiko chini.

Kingine ni VSC, ule mfumo unaokamata breki ya tairi moja moja gari likianza kuserereka. Marekani ni lazima tangu modeli za 2012. Ukiagiza gari Japani ulizia kama lipo nalo, na taa yake ikiwaka kwenye dashibodi usikubali fundi akuchomolee balbu, nimeshaona sana hiyo.

Alafu angalia namba nne ubavuni mwa tairi, ndo umri wake, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Matairi ya mtumba pale mtaani yanang'aa kwa dawa, namba haing'arishwi.